Kidonda cha mama juu ya kifundo cha mguu hakifungi na sukari hana. Nini kinazuia?

Fundi wa Chikongola (Mtwara mjini)

Salaam wakubwa kwa wadogo. Mie fundi cherehani hapa Mtwara mjini, naomba msaada wa mawazo kwa mwenye ujuzi. Mama yangu mzazi yuko Msangamkuu, ng'ambo ya pantoni. Ana kidonda mguu wa kushoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Kilianza kabla ya Ramadhani. Alikwenda pwani maji yalipokupwa kuokota chaza na kome, akateleza, gamba likamchana. Mchano wenyewe ulikuwa wa kufunikwa na kidole gumba. Akauosha kwa maji ya bahari palepale, akaendelea kuokota, maana kwetu aliyechanwa na chaza haulizwi kaumia wapi, anaulizwa kapu limejaa?

Sasa watu wameshaanza kuokota korosho na kidonda bado kipo, tena kimetanuka kinakaribia nusu ya kiganja changu. Hakijachimbika sana kwenda ndani. Huku chekundu, kule kina utando wa njano, na maji yanatoka mpaka kanga inalowa, anabadilisha kitambaa asubuhi na jioni. Harufu ipo kidogo, hasa jua likizama.

Tiba zimepita. Zahanati wamemsafisha na kumfunga, vidonge vya kuua vijidudu kameza vya aina mbili tofauti, sindano kachoma. Kila akimaliza dozi kinakauka kidogo, tunafurahi, halafu kinarudi kulekule. Sukari alipimwa kidole wakasema haina neno. Majirani nao wameshaleta kila kitu kasoro nanga ya jahazi: majani ya kuponda, majivu, chumvi ya mawe. Wamemkataza mayai, pweza na samaki asiye na magamba, wanasema vinachochea kidonda. Anakula ugali wa muhogo kwa kisamvu, mwezi unaingia mwezi unatoka.

Hospitali kubwa hataki kusikia. Jirani yetu mmoja alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, tangu hapo mama akisikia neno rufaa anaona msumeno.

Maswali yangu ni haya. Kama sukari hana, nini kinazuia kidonda kufunga? Na hii asali ya Liwale ninayoambiwa nimpake, nimpake?

---

Korosho Daraja la Kwanza (Masasi)

Dada pole sana. Hilo ni donda ndugu, dawa yake ndogo tu. Nenda duka la dawa chukua rangi mbili, zile kapsuli za kuua vijidudu, fungua, mwagia ule unga juu. Kabla ya kumwagia safisha kwa spiriti, au ile maji inayotoa povu. Likikauka paka GV, ile dawa ya zambarau. Mie panga lilinikata kwenye palizi nikafanya hivyohivyo, kovu lenyewe hulioni. Kila la heri.

---

Mwalimu wa Kitangari

Fundi, pole na kuuguza. Mimi naishi na sukari, naomba niulize jambo moja: mama alipimwa mara ngapi, na alikuwa amekula au hajala? Kipimo cha kidole cha mara moja mchana hakimalizi maneno. Asubuhi kabla ya kula, damu ikisoma 7 au zaidi kwa vipimo viwili vya siku tofauti, hapo ndipo wanasema sukari ipo. Mrudisheni apimwe akiwa hajala.

Mimi kidonda changu kilikuwa chini ya dole gumba. Msumari ulitoboa kandambili, ukanichoma, nikashinda nao darasani bila kuhisi chochote. Jioni mke wangu ndiye aliyeona damu kwenye mkeka. Mguu wenye ganzi ndio unaokatwa, kwa kuwa mwenyewe hana habari nao. Mama anasikia maumivu? Kama anasikia, shukuruni.

---

Bibi Nesi (Nachingwea)

Fundi mwanangu, pole. Mie nimestaafu, lakini chumba cha kufungia vidonda nimekikalia miaka mpaka pua ilizoea.

Kwanza kijana wa Masasi anisamehe. Unga wa kapsuli usimwagie. Unaganda juu unafanya gamba, chini yake uchafu unabaki umefungiwa, na wapo ambao ngozi inachachamaa ikiguswa na dawa hizo. Spiriti na ile maji ya povu zinaua vijidudu, sawa, lakini zinaua pia nyama changa inayojaribu kuota. Ukikipaka kila siku, unakirudisha nyuma kila siku.

Sasa nijibu wewe mtoto, na usijibu kwa kukumbuka, nenda ukamtazame. Mguu unavimba jioni na kupungua asubuhi? Ngozi inayozunguka kidonda imekuwa nyeusi kuliko mguu wa pili, ngumu, inawasha? Maumivu yanazidi akiuning'iniza mguu au akiunyanyua? Hili la mwisho nalitaka sana. Unyayo una joto kama wa pili au umepoa? Kuna mishipa iliyojikunja nyuma ya goti au kwenye kigimbi? Aliwahi kuvimba mguu huohuo zamani, labda wakati wa uzazi? Kutwa anashinda kasimama au kakaa? Na ukingo wa kidonda umelala sawa na ngozi, au umenyanyuka, mgumu, unatoa damu ukiguswa?

Chanjo ya pepopunda amechoma? Kama hakuna anayekumbuka, aulizie zahanati.

---

Fundi wa Chikongola

Shikamoo Bibi. Nilifunga mashine mapema nikavuka na pantoni ya jioni. Mama alikuwa kwenye kigoda anabangua korosho, miguu inaning'inia, moshi umejaa ua mzima. Nikamwambia nimetumwa na bibi mmoja wa Nachingwea nije nikague mguu. Kacheka, lakini kaunyoosha.

Mguu umevimba. Nimeubonyeza kwa kidole gumba juu ya fundo, shimo likabaki, nikavuta pumzi kadhaa ndipo likajaa. Nimeipima miguu yote miwili kwa futi yangu ya kazi: juu ya kifundo wa kushoto umezidi wa kulia inchi moja na nusu. Asubuhi nilipoamka nikapima tena, tofauti ilikuwa imebaki nusu inchi tu.

Ngozi kuanzia katikati ya kigimbi kushuka chini imekuwa nyeusi, inang'aa, ukiigusa ni ngumu, na anajikuna humo usiku. Nyuma ya goti ipo mishipa iliyojikunja, anasema ameishi nayo tangu uzazi wa nne. Maumivu ni ya uzito, jioni ndiyo yanazidi, akilala na kupandisha mguu juu ya mto anapata nafuu. Nyayo zote zina joto. Nilimgusagusa vidole kwa unyoya wa kuku akiwa kafumba macho, kila nilipogusa alisema. Ukingo umelala sawa, haunyanyuki.

Na hili la kuvimba zamani Bibi, umejuaje? Baada ya kumzaa mdogo wangu mguu huohuo ulivimba mpaka pajani, akalazwa ndani na nyanya yetu mwezi mzima, wakasema katupiwa kitu. Ukapungua wenyewe.

Kazi yake ni vitumbua. Alfajiri kasimama jikoni mpaka saa tatu, mchana kakaa kama nilivyomkuta. Chanjo ya pepopunda alichoma zahanati siku ya pili yake.

---

Bibi Nesi

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi ambayo wengine wenye koti jeupe hawaifanyi. Atakayethibitisha ni aliyeushika mguu, mie niko huku, lakini hayo uliyoyaeleza yana jina lake: kidonda cha mishipa inayorudisha damu.

Sikiliza inavyokuwa. Damu ikishuka mguuni inarudi juu kwa mishipa yenye vilango vidogo ndani, kila kilango kinafunga damu isirudi chini. Kinachoisukuma ni kigimbi, mtu anapotembea. Ule mguu uliovimba baada ya uzazi, kwa umri wangu huu nakwambia huenda damu iliganda ndani ya mshipa, na vilango vikaharibika pale. Tangu hapo damu inatuama chini. Inasukuma maji yatoke kwenye mishipa midogo, ndiyo huo uvimbe wa shimo la kidole. Chembe nyekundu nazo zinavuja, chuma chake kinabaki kwenye ngozi, ndiyo huo weusi. Ngozi yenye maji na isiyopata lishe vizuri ikichanwa na gamba la chaza haina nguvu ya kujifunga. Na mahali pake ni hapohapo, ndani, juu ya kifundo, kwa kuwa ndipo shinikizo linapokuwa kubwa.

Kwa hiyo chaza hana kesi. Mnatibu kidonda miezi yote hii, mguu hamjautibu. Vidonge vya kuua vijidudu vinapunguza vijidudu wiki moja, uvimbe uko palepale, kidonda kinarudi. Tena kidonda chochote cha muda mrefu ukikipima maabara utakuta bakteria. Kukuta bakteria peke yake si sababu ya kumeza dawa. Sababu ni dalili: maumivu mapya, joto na uvimbe unaosambaa kwenye ngozi, usaha mzito, homa. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kusikia joto.

Dawa ya mguu huo ni kubanwa. Bandeji ya kukaza kuanzia mzizi wa vidole mpaka chini ya goti, kila siku, na mguu kunyanyuliwa. Lakini NGOJA, usikimbilie dukani. Kabla ya kubana lazima mtu ahakikishe damu inayoshuka inafika vizuri. Kuna wagonjwa ambao mishipa ya kushusha damu imeziba, hasa wavutaji sigara, wenye sukari, wenye presha ya siku nyingi. Hao mguu unapoa, maumivu yanazidi wakiunyanyua na wanalala wameuning'iniza kitandani. Ukimbana mtu huyo unamuua mguu. Mama yako dalili hizo hana, ila mapigo yake yashikwe juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, na ikiwezekana presha ipimwe mkononi na kifundoni. Ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono. Ikitoka chini ya 0.8, bandeji ya kukaza haifungwi mpaka daktari aamue. Mpeleke Ligula, au Hospitali ya Kanda pale Mitengo. Mwambie mama hivi: aliyekatwa mguu ni wa sukari na ganzi, wa kwako kinachotakiwa ni kitambaa. Muulizeni daktari pia kama ile mishipa ya nyuma ya goti ni ya kushughulikiwa.

Wakati mnajipanga, kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukitaka ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha robo lita, yatumike siku hiyohiyo. Maji ya bahari hapana. Najua watu wa pwani mnayaamini, lakini bahari ina vijidudu vyake, na wapo wanaopata maradhi mabaya ya ngozi kwa kuingia baharini na kidonda kibichi. Chaza wapumzike mpaka kifunge.

Kitambaa kilichoganda msikivute, mnang'oa nyama iliyoota usiku. Kiloweke kwanza mpaka kijiachie chenyewe. Juu ya kidonda weka gozi yenye vaselini, juu yake gozi kavu za kutosha kunyonya maji. Ngozi ya pembeni, ile inayolowa na kuwa nyeupe, ipake vaselini nyepesi. Gozi zikiisha, wewe ni fundi: kitambaa cheupe cha pamba, si cha nailoni, kichemshwe, kianikwe juani, kipigwe pasi ya moto, kihifadhiwe kwenye mfuko safi. Kanga kuukuu inafaa pia, mradi rangi yake haitoki.

Asali. Sikukatazi kwa ukali, kwa sababu asali ni dawa kweli, inazuia vijidudu na kulainisha ule utando wa njano, na mahospitali yanatumia iliyosafishwa kwa mionzi. Shida ni kwamba ya kwenye chupa sokoni hujui imechanganywa na nini, na hata iwe safi namna gani haipunguzi uvimbe. Papai nalo watu hutumia kuondoa nyama iliyokufa, ila utomvu wa bichi unaunguza. Mguu ukishabanwa utaona hata hamu ya kutafuta vya kupaka inaisha.

Na chakula! Mrudishieni mayai. Mrudishieni pweza na dagaa, mbaazi, kunde, karanga, chungwa au ndimu. Kidonda kinachovuja kinamwaga protini kutwa, nanyi mmembakizia muhogo. Nyama mpya itaota kwa kitu gani?

---

Korosho Daraja la Kwanza

Bibi heshima yako ipo pale pale, ila mie nilipona kwa rangi mbili. Siwezi kusema uongo.

---

Bibi Nesi

Ulipona kwa sababu una umri wa kupona na mishipa mizima, mjukuu wangu. Ungekipulizia tu kingefunga.

---

Pweza wa Kivinje (Kilwa)

Nimesoma yote. Niongeze moja kwa wanaopita humu, si kwa mama wa Fundi ambaye anasikia unyoya. Mjomba wangu alikaa na kidonda chini ya unyayo, hakimuumi, anatembelea, anakwenda nacho shamba. Sisi tukawa tunasema mjomba mgumu. Kumbe mgongoni alikuwa na baka limepauka, ukilichoma kwa mwiba hasikii. Ukoma. Watu wanadhani umekwisha, huku kwetu kusini bado upo. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mtu akishaanza kumeza haambukizi. Kilichochelewesha kwetu ni aibu ya jina tu. Vidole viwili vilikuwa vimeshapinda.

Bibi, na matende je? Jirani ana mguu mkubwa, ngozi imekunjamana, kila mara unachubuka.

---

Bibi Nesi

Umesema vema, na kidonda kisichouma ndicho cha kukikimbilia. Wa matende mguu wake uoshwe kwa sabuni na maji kila siku, na ukaushwe taratibu mpaka ndani ya mikunjo na katikati ya vidole, maana vijidudu vinavyoleta zile homa za kuvimba vinaingilia kwenye michubuko hiyo. Aunyanyue akikaa. Ile kingatiba inayogawiwa mitaani ameze akipewa, asiwafiche watoto wanapokuja wahudumu. Aende kituoni, maana kidonda chake kinataka kutazamwa peke yake.

Na mwenye kidonda cha miaka ambacho ukingo wake umenyanyuka na kuwa mgumu, au kinaota nyama ya ajabu inayotoa damu, akatwe kipande kidogo kipelekwe maabara. Kidonda cha siku nyingi kinaweza kugeuka saratani. Hilo halingojei bandeji.

---

Fundi wa Chikongola

Wakubwa, nimerudi na majibu. Kumpata mama haikuwa rahisi. Alikubali baada ya kaka kutoka Newala kumpigia na kumwambia kwamba kama hatavuka, yeye anakuja kumbeba mgongoni mbele ya wakwe. Hilo likafanya kazi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alishika mapigo sehemu mbili kama Bibi alivyosema, akapima presha mkononi, kisha kifundoni kwa kidude kinachotoa sauti ya damu inavyopita. Mama aliposikia sauti ile akauliza ni mtoto? Chumba kizima kikacheka. Hesabu ikatoka 1.0. Sukari kabla ya kula ikasoma 5.4, Mwalimu usiwe na wasiwasi. Picha ya mishipa wamempangia. Msumeno haukutajwa.

Muuguzi akaosha, akaweka gozi ya vaselini, akafunga bandeji tabaka mbili na kunifundisha. Mguu ukae pembe kama umesimama, kuanzia mzizi wa vidole, kisigino kifunikwe, kila mzunguko ulale nusu juu ya uliotangulia, mvuto uleule mpaka vidole viwili chini ya goti. Kifungwe asubuhi kabla hajashusha miguu kitandani. Akanionyesha kubonyeza kucha ya dole gumba na kutazama rangi inavyorudi. Vidole vikipoa, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, kifunguliwe hapohapo bila kungoja ruhusa ya mtu.

Bibi, wiki hizi chache mambo yamebadilika. Kile kidonda nakichora kwenye nailoni safi kwa kalamu ya wino, kama ninavyochora kola, naandika tarehe, naweka mchoro mpya juu ya ule wa zamani. Upande wa chini umeingia ndani kwa upana wa kidole. Utando wa njano umebaki pembeni tu. Maji yamepungua mpaka kitambaa kimoja kinatosha kutwa, na harufu sijaisikia tena. Mguu nikipima kwa futi umekaribia kulingana na wa pili.

Vitumbua hajaacha. Tumekubaliana akaange kakaa, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa mto, na kila baada ya mkupuo mmoja anainuka kuzunguka ua. Kubangua korosho kampa binti wa dada.

Nina maswali mawili. Bandeji moja imeanza kulegea na bei yake si mchezo. Mie kitambaa cha lastiki ninacho dukani, kile cha suruali za kubana za wasichana. Nikimshonea soksi ya kumbana kwa vipimo vyake kamili, itafaa? Na usiku anasema inamwasha, avue?

---

Bibi Nesi

Alhamdulillahi! Huo mchoro wa nailoni endelea nao. Kikipungua karibu theluthi ndani ya wiki nne za mwanzo, kwa kawaida kinaelekea kufunga. Kikigoma, warudie hospitali na michoro yako mkononi, itawasaidia kuliko maneno.

Soksi ya kushona hapana, hata kama mkono wako ni mzuri. Soksi ya tiba inabana zaidi kifundoni na kulegea kidogokidogo kwenda juu, imefumwa kwa kipimo hicho. Yako itabana sawa kote, na kigimbi kilivyo kinene itakaza juu kuliko chini, pindo la lastiki litakaa chini ya goti kama kamba. Hapo utakuwa umeifunga damu isipande, kinyume cha unachotafuta. Futi yako itumie kwa kazi nyingine: asubuhi, uvimbe ukiwa umeshuka, pima mzunguko wa kifundo pale pembamba, wa kigimbi pale panene, na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Kidonda kikifunga vipimo hivyo ndivyo vya kuagizia soksi, na atazivaa miaka yote, kwa sababu vilango havirudi. Akiziacha kidonda kinarudi.

Kuhusu usiku, mfuate aliyemfunga. Zipo bandeji zinazokaa mpaka siku ya kubadilisha, zipo za kuvuliwa mtu akilala. Kama zake ni za kuvua, avue akiwa ameshapanda kitandani, asitembee mguu mtupu. Kuwasha mara nyingi kunatokana na ngozi kavu. Osha, kausha, paka vaselini isiyo na manukato, na zile losheni za harufu nzuri ziweke mbali, miguu ya namna hii inazikataa.

Bandeji inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, usiisokote kukamua, ikandamize ndani ya taulo. Ianike kivulini imelala, si kwenye kamba, ikining'inia inavutika. Pasi usiipitishe kabisa. Nunua mbili zipokezane, na ikishaosheka mpaka ukiivuta hairudi, itupe, ifungie hata mzigo wa kuni ukitaka.

---

Fundi wa Chikongola

Nimepata Bibi, soksi nimeziacha. Hizo bandeji mbili naziulizia kesho duka la karibu na stendi, kama kuna mwenye kujua bei ya Masasi au Lindi aniandikie hapa nilinganishe.

---

Korosho Daraja la Kwanza

Kesho napita dukani nitakuulizia dada. Taja upana wake, maana zipo za inchi nne na za inchi sita.

---

Bibi Nesi

Inchi nne.